Nyanya zilizooza kitako: kisa cha tuta moja la uani

Nyanya aliyonipa jirani yangu ilikuwa nzuri kabisa upande wa kikonyo. Ngozi inang'aa, haina tundu wala doa. Nilipoigeuza, kitako chote kilikuwa kimebonyea na kukauka kama kipande cha ngozi ya kiatu, na katikati ya weusi ule ukungu wa kijivu ulikuwa umeshaanza kuota.

"Zote za chini ziko hivi, kaka," akasema. "Na maganda ya mayai nimetia mpaka nimechoka."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike kisa hiki. Kuoza kitako ni tatizo ambalo mpanda nyanya wa uani hulipata msimu wa kwanza au wa pili, na akiuliza huambiwa jambo lilelile: nyanya zako zimekosa kalsiamu. Ni kweli, zimekosa. Ila mtu akishasikia hivyo hukimbilia kutia kalsiamu kwenye udongo, na katika tuta hili udongo ulikuwa umeshiba kalsiamu tangu siku ya kwanza. Mimi si bwana shamba. Ni mtu wa bustani ya nyuma ya nyumba, mwenye misimu michache na makosa mengi kuliko misimu. Nilichokifanya hapa kinaweza kufanywa na yeyote mwenye ndoo, chupa ya siki na subira ya wiki chache.

Tuta lenyewe

Lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2. Upana huo aliuchagua vizuri, maana mkono unafika katikati kutoka kila upande bila mguu kukanyaga udongo. Na mita za mraba 4.8 kwa anayeanza ni ukubwa wa busara. Wengi wetu huanza na uwanja mzima, na mwezi wa pili tunajikuta tunatunza magugu. Upande mmoja alipanda miche minane ya nyanya katika safu mbili, sentimita 60 kutoka shina hadi shina, aina ile ndefu yenye umbo la yai. Upande wa pili pilipili hoho nne, na nafasi iliyobaki ikawa ya mchicha na saladi. Jua linalipiga tuta tangu asubuhi hadi alasiri.

Nyumba si ya zamani, na uwanja wa nyuma ndipo mafundi walipokuwa wakichanganyia saruji. Hili alilitaja kwa kupita tu, nami nikaliacha lipite. Nilikuja kulikumbuka siku tatu baadaye.

Maua ya kwanza yalitoka wiki ya nne baada ya kuhamisha miche kutoka kitaluni. Wiki ya saba vitako vikaanza kubadilika: kwanza doa la majimaji lenye ukubwa wa punje ya hindi, kisha rangi ya kahawia, kisha weusi. Niliitwa wiki ya nane. Tulihesabu pamoja nyanya zote za vishada vya kwanza: 37, na kati yake 21 zimeoza.

Kabla sijafika alikuwa ameshahangaika vya kutosha. Alikuwa ameponda maganda ya mayai kama 40 na kuyafukia kuzunguka mashina. Alikuwa amenyunyiza dawa ya ukungu mara mbili, kwa sababu ukungu aliuona kwa macho yake. Mtu mwingine alimwambia chumvi ya Epsom ni dawa ya nyanya, akaitia. Na tangu wiki ya tatu alikuwa akitia samadi ya kuku, mbichi, kila baada ya wiki mbili. Simcheki. Msimu wangu wa kwanza nami nilimaliza chupa nzima ya dawa ya ukungu kwa tatizo hilihili, na tatizo lilipokwisha lenyewe nikaisifu dawa.

Kwanza, je, ni ugonjwa?

Swali hili linastahili kuulizwa kabla ya kingine chochote, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua kama utashika bomba la dawa au la. Ugonjwa wa nyanya uitwao bakajani chelewa huanza kwenye majani na mashina, na ukishuka kwenye tunda hupenda kuanzia juu, karibu na kikonyo, kwa mabaka ya kahawia magumu. Majani ya jirani yangu yalikuwa safi. Kiwavi anayetoboa tunda huacha tundu, na ukilipasua tunda unamkuta mwenyewe au kinyesi chake. Hapa tundu halikuwepo. Madoa ya kuoza kwa nyanya zilizokwisha iva huja popote kwenye ngozi, ilhali hizi zilikuwa bado za kijani, na kila moja ilikuwa na doa mahali palepale: upande ulio mkabala na kikonyo, pale ua lilipodondokea.

Ukungu aliouona ulikuwa wa kweli, ila ulikuja baadaye. Sehemu ya tunda ikishakufa, vimelea vya hewani hutua na kujilia. Kuupiga dawa ni sawa na kufukuza inzi na kuuacha mzoga.

Kilichoniondolea shaka zaidi ni pilipili hoho. Mbili zilikuwa na baka la rangi ya majani makavu, limebonyea, jembamba kama karatasi, karibu na ncha. Jirani alidhani ni jua limezibabua. Lakini hizo mbili zilikuwa zimefunikwa na majani kabisa. Jua lingezifikia wapi? Hoho, biringanya, maboga na matikiti yote hupatwa na kuoza huku. Na wakati huohuo mchicha, hatua moja tu kutoka hapo, ulikuwa umestawi hata unatamanisha. Tuta moja, udongo mmoja, mbolea ile ile: majani yananawiri, matunda yanaoza. Ingekuwa udongo umekaukiwa kalsiamu, dalili zisingechagua hivyo.

Maji, kwa hesabu

Nilimuuliza anamwagiliaje, akasema, "Vizuri tu. Kila siku." Nimejifunza kwamba jibu hilo halina maana mpaka lipimwe, na hata langu mwenyewe silisadiki. Tukakaa tukaandika wiki yake ilivyo.

Jumanne hadi Ijumaa, jioni, keni moja ya lita 10 kwa tuta zima. Jumamosi na Jumapili hayupo nyumbani. Jumatatu jioni anarudi, anakuta majani yamelegea, anaona huruma, anafungulia mpira wa maji na kuuacha tutani nusu saa wakati anafanya mambo mengine. Tuliujaza mpira ule kwenye ndoo ya lita 10 huku tukitazama saa: dakika moja. Kwa hiyo nusu saa ni lita 300.

Jumla ya wiki ni lita 340. Kipimo ambacho wakulima wa mboga hukianzia ni kama milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba, ambayo kwa tuta hili ni lita 120. Alikuwa anatoa karibu mara tatu. Ukitazama jumla peke yake utasema nyanya hizi zinaogelea. Na kweli zilikuwa zinaogelea, usiku wa Jumatatu. Zile keni za siku nne zilizofuata zilikuwa milimita 2 kila moja, kiasi cha kulowanisha vumbi na kupotea hewani kabla ya jua la mchana wa kesho. Ijumaa asubuhi nilichimba kwa mwiko wa bustani katikati ya mashina mawili. Juu palikuwa na rangi ya unyevu; chini ya sentimita 3 udongo ulikuwa ukitoka vumbi.

Hii ndiyo hatari ya kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Mwenye bustani anaona rangi nyeusi ya udongo uliolowa na roho yake inatulia, wakati mizizi haijaona kitu.

Siki, nondo na mche mmoja

Bado lilibaki jambo halijakaa sawa. Udongo mzuri wa tifutifu uliopewa lita 300 Jumatatu ungeweka akiba ya kutosha kufikisha nyanya mwisho wa wiki, kwani mizizi ya nyanya ikiachiwa nafasi huteremka zaidi ya nusu mita. Kwa nini hizi zilikuwa zinalegea Jumapili?

Hapo ndipo nilipokumbuka wale mafundi na saruji yao.

Nilichukua kiganja cha udongo mkavu kutoka chini kidogo, nikaumimina kwenye sahani, nikautilia siki. Ukatoa povu na sauti ya kuchemka, kama soda inapomiminwa. Povu hilo ni hewa ya kaboni inayotoka asidi ya siki inapokutana na kaboneti, na katika udongo wa uani wenye mabaki ya lipu na saruji, kaboneti hiyo ni chokaa, yaani kalsiamu. Kipimo cha siki hakikwambii ni kiasi gani, lakini povu la kuonekana na kusikika halitoki kwenye udongo usio na chokaa.

Tulifanya hesabu ya haraka nyuma ya bahasha, na ndiyo iliyomfanya jirani aache kukusanya maganda. Ganda moja la yai lina kalsiamu kama gramu 2. Maganda 40 ni gramu 80. Sentimita 20 za juu za tuta lile zina udongo wa kilo kama 1,200. Tuseme sehemu moja tu katika mia ni chokaa, hizo ni kilo 12, na ndani yake kalsiamu karibu kilo 5. Gramu 80 juu ya kilo 5. Tena ile ya maganda ilikuwa bado imefungika ndani ya vipande vikubwa ambavyo, katika udongo usio na uchachu, huyeyuka polepole mno kuliko msimu wa nyanya.

Kisha nikachukua kipande cha nondo na kukisukuma ardhini sehemu kumi tofauti. Kila mahali kiliingia vizuri hadi sentimita 18 au 20, kisha kikagota. Tulipochimba pembeni tulikuta tabaka lililoshindiliwa, mchanganyiko wa kifinyanzi, mchanga na vipande vya lipu, gumu kama sakafu. Mwaka wa kwanza jirani alikuwa ameleta udongo mzuri na kuumwaga juu yake bila kuligusa.

Nikamwomba anitolee mhanga mche mmoja, ule uliokuwa na hali mbaya kuliko wote. Alisita. Ni vigumu kung'oa mche ulioulea tangu mbegu, na sikumlaumu. Tulipoutoa taratibu kwa jembe uma, mizizi ilikuwa imeshuka kama inavyotakiwa, ikafika kwenye lile tabaka, ikakunja kona na kutambaa ubavuni kama mkeka. Hakuna hata mmoja uliopenya. Kwa hiyo nyanya hizi zenye kimo cha kifua cha mtu zilikuwa zinaishi kwenye sinia. Jumatatu sinia linafurika na mizizi inakosa hewa. Kuanzia Alhamisi linakauka. Maji ya ziada ya Jumatatu, badala ya kuwekwa akiba chini, yalimwagikia njiani.

Kalsiamu inavyosafiri

Haya yote yanahusianaje na doa kwenye kitako cha tunda? Kalsiamu haina miguu yake. Hupanda na maji, ndani ya mishipa inayotoka mizizini, na huishia pale maji yanapoishia. Maji mengi huelekea kwenye majani, kwa kuwa majani ndiyo yanayoyavukiza hewani siku nzima na kuyavuta mengine kutoka chini. Tunda lenye ngozi laini ya nta huvukiza kidogo sana, hivyo hupata mgawo mdogo, na kitako chake kikiwa mwisho wa njia hupata masazo. Na kalsiamu ikishafika kwenye jani imefika. Mmea hauwezi kuichukua kutoka jani la zamani na kuipeleka kwenye tunda, kama uwezavyo kufanya na naitrojeni. Ndiyo sababu kunyunyizia majani maji ya kalsiamu hakusaidii sana.

Tunda changa, katika wiki mbili za mwanzo baada ya ua, linapanuka haraka kuliko wakati mwingine wowote, na kila seli mpya inahitaji kalsiamu kushikilia kuta zake. Maji yakikatika siku mbili tatu katika kipindi hicho, seli za kitako hupasuka na kufa. Jicho halitaona kitu mpaka siku kadhaa baadaye. Mwenye bustani akiona doa leo hutafuta kosa la leo, kumbe kosa ni la wikendi mbili zilizopita.

Mafuriko nayo yana matokeo yaleyale, kwa njia nyingine: mzizi uliokosa hewa haunyonyi vizuri, hata ukiwa umezama majini.

Samadi ya kuku ilikuwa na mchango wake. Ikiwa mbichi ina amonia nyingi, na naitrojeni ya namna hiyo hushindana na kalsiamu kuingia mzizini. Pia huusukuma mmea utoe majani mengi, na majani mengi ni midomo mingi inayovuta maji kabla ya tunda. Nyanya za jirani zilikuwa na majani mapana ya kijani iliyokoza, ya kupendeza kwa picha. Chumvi ya Epsom ni magnesiamu, ambayo nayo ni mshindani wa kalsiamu, kwa hiyo ile "dawa" ilikuwa inasukuma upande usiofaa. (Kuhusu samadi mbichi kuna suala jingine la afya, la vimelea kwenye chakula. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuitia na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Jirani hakuwa anaijua, nami nilipokuwa mgeni sikuijua.)

Na mwisho kabisa, aina ya mbegu. Nyanya ndefu za umbo la yai hupatwa na tatizo hili kuliko za mviringo, na zile ndogo kama zabibu hupatwa mara chache sana. Alikuwa amechagua, bila kujua, aina inayosamehe kidogo kuliko zote.

Nilipoulizwa chanzo ni kipi kati ya hivyo, nilijibu kwamba vyote vilibeba mzigo, ila ningelazimika kutaja kimoja ningetaja lile tabaka gumu. Mmea wenye mizizi mirefu huvumilia wikendi moja ya kusahauliwa. Wa kwake haukuwa na pa kukimbilia.

Tulichoweza kubadili

Tabaka lenyewe hatukuweza kulivunja na miche ikiwa juu yake. Tulichofanya ni kuishi nalo hadi mwisho wa msimu. Maji yakawa lita 40 mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, yanamiminwa polepole kwenye shina kwa awamu mbili ili yazame yasitiririke. Tulitandaza nyasi kavu na majani makavu unene wa sentimita 7, tukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina. Samadi ikasimamishwa, Epsom ikawekwa kabatini. Matunda yaliyooza yakachumwa yote, hayaponi na yanaendelea kunywa.

Iliyobaki ilikuwa wikendi. Jirani alipendekeza kumwagilia maradufu siku ya Ijumaa, lakini sinia halikui kwa kulimiminia zaidi. Tukafukia mitungi miwili ya udongo isiyopakwa rangi, kila mmoja wa lita 8 hivi, shingo ikibaki nje na kufunikwa kwa kigae. Maji huvuja taratibu kupitia kuta za mtungi kadiri udongo unavyokauka. Ni mbinu ambayo wakulima wa China waliijua zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mpaka leo sijaona kifaa cha bei yoyote kinachoishinda kwa mtu anayesafiri wikendi.

Nyuzi nyekundu

Sasa kuna mtego ambao ndio uliotufikisha hapa sote, mimi na dawa yangu ya ukungu, wengine na maganda yao. Kuoza kitako hushambulia zaidi vishada vya kwanza, wakati mmea bado unajenga mizizi na matunda yanaingia kwa pamoja. Vishada vya baadaye mara nyingi huwa na nafuu hata usipofanya lolote. Kwa hiyo kitu chochote utakachotia wiki ya nane kitaonekana kimeponya wiki ya kumi na moja. Maganda ya mayai yamepata sifa yake hivyo.

Niliogopa kuanguka humohumo. Miche ilikuwa imebaki saba. Niliomba miwili ya mwisho wa safu iachwe bila matandazo na bila mitungi, imwagiliwe kwa mtindo wa zamani. Tulizika karatasi ya nailoni ardhini kuitenga na mingine, kazi ambayo kwa kweli haikuwa safi. Maji hupenya pembeni. Jirani alikubali, ila kila nilipopita aliniambia ile miwili inamtia simanzi.

Siku ya mabadiliko tulifunga uzi mwekundu juu ya kila kishada ambacho maua yake yalikuwa yanaanza kufunguka, kwenye miche yote saba. Matunda yaliyokwisha funga kabla ya siku hiyo hatukuyahesabu, hata kidogo. Hilo lilitusaidia sana, kwa sababu wiki mbili za kwanza bado nyanya ziliendelea kuoza, nyingi tu, na bila uzi tungesema mpango umeshindwa tukaurukia mwingine. Zile zilikuwa zimeshaumia kabla.

Hesabu ya mwisho ilifanyika mavuno yalipopungua. Miche mitano iliyobadilishiwa matunzo ilikuwa na matunda 61 kwenye vishada vyenye uzi, na yaliyooza ni 4. Miwili iliyoachwa ilikuwa na matunda 22, yaliyooza 7. Kumbuka mwanzo: 21 kati ya 37.

Tazama ile miwili. Hakuna aliyeifanyia jambo, ila samadi iliyosimamishwa kwa tuta zima, na bado imeshuka kutoka zaidi ya nusu hadi kama theluthi. Ningekuwa nimeitazama hiyo peke yake baada ya kutia maganda, ningeapa kwa maganda. Tofauti kati yake na ile mitano ndiyo kazi ya maji na matandazo, au angalau sehemu yake. Miche saba ni michache, na mimi niliyehesabu ndimi niliyetaka mpango ufaulu. Sijui kama matandazo yalifanya zaidi kuliko mitungi, kwa kuwa niliyaweka pamoja. Ningeanza upya ningegawanya.

Kitu kimoja sikukitazamia: saladi. Katika kipindi kile cha ukame na mafuriko majani yake ya ndani yalikuwa yakiungua kingo, wembamba wa uzi wa kahawia, nami nilikuwa nimeyapita nikiyaita mazima. Ni tatizo lilelile. Majani machanga yaliyofungika katikati hayavukizi, hivyo nayo hukosa kalsiamu. Maji yalipotulia, saladi iliyofuata ikatoka safi. Mchicha ulikuwa umenidanganya kidogo, kwa kuwa majani yake yote yako wazi hewani.

Baada ya msimu

Tuta lilipokuwa tupu tulingoja mvua inyeshe na udongo ukauke nusunusu, ule wakati ambapo ukiufinyanga unashikana na ukiugusa unavunjika. Kifinyanzi kikichimbwa kikiwa kimelowa hushindiliwa upya, na kikiwa kikavu hakiingiliki. Tulitoa udongo wa juu tukauweka pembeni, tukalivunja lile tabaka kwa jembe uma hadi sentimita 40, tukaokota vipande vya lipu ndoo nne zikajaa. Tukachanganya mboji, tukarudisha udongo wa juu. Ilichukua siku mbili na migongo miwili. Nondo ikaingia sasa bila kugota.

Kwa msimu uliofuata nilimshauri aweke nusu ya miche ya nyanya ya mviringo na nusu ya ile ndefu anayoipenda. Alikataa, akapanda ndefu zote. Kishada cha kwanza kilitoa matunda matatu yaliyooza kitako, yaliyobaki yakaenda vizuri, na mitungi ilibaki mahali pake.

Siku ile ya kuchimba, kwenye sentimita ya kumi hivi, jembe lilifukua kitu cheupe, kisha kingine, kisha shimo zima likawa limejaa vipande vyeupe. Jirani akainama akaokota kimoja, akakipangusa kwa kidole gumba. Kilikuwa ganda la yai, lina ukingo mkali kama siku alipoliponda. Akalitazama kidogo, akalitupa kwenye ndoo ya lipu pamoja na mengine.